Kidonge Kitangulie Chai: Kiunzi cha Seli na Tindikali ya Tumbo

Bahasha ya dawa ilikuwa ya kaki, ndogo, imelainika pembeni kwa kukaa kwenye pindo la kanga. Juu yake palikuwa na mwandiko wa kalamu ya bluu: omeprazoli 20, 1x1, kabla ya kula. Ni dawa ya kupunguza tindikali ya tumbo. Mama mdogo aliikunjua mbele yangu kwenye meza yake ya ndizi, soko la Mbuyuni hapa Moshi, ikikaribia saa tano asubuhi. Tangu saa moja alikuwa ameshakunywa chai ya rangi na chapati mbili. Akatoa kidonge kimoja, akakimeza kwa maji ya chupa, akaweka kiganja kwenye chembe ya moyo na kutulia kidogo kama mtu anayesikilizia.

“Mama, hapa pameandikwa kabla ya kula.”

“Sasa si ndiyo kabla ya kula, mwanangu? Mchana nakula saa nane.”

Nilinyamaza. Kwa maneno aliyoandikiwa alikuwa sahihi kabisa, kwa sababu saa tano ni kabla ya saa nane. Aliyempa dawa hakumwambia kabla ya mlo upi, wala muda gani kabla, wala kwa nini. Kwa siku kumi na tatu mfululizo alikuwa akimeza dawa nzuri, aliyoinunua kwa fedha ya ndizi, katika saa ambayo dawa hiyo haikuwa na kazi kubwa ya kufanya.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Sababu aliyokosa kuambiwa mama mdogo ninaifundisha kila mwaka kwa kidato cha tano, katika mada ya kiunzi cha seli, yaani nyuzi zinazoishikilia seli kwa ndani, na wanafunzi wangu wanaikariri kama orodha ya majina. Kwa hiyo nayaandika haya nikiwa na hoja moja tu: maneno “kabla ya kula” hayatoshi. Yaandikwe pamoja na sababu yake. Sababu hiyo inaelezeka kwa Kiswahili cha sokoni, na mtu akishaielewa hawezi kukosea saa.

Tuanze na picha tuliyonayo vichwani. Wengi wetu tunaliona tumbo kama sufuria iliyojaa tindikali usiku na mchana. Ukichelewa kula, tindikali “inakula” tumbo; ukila, inapata cha kufanya. Ndiyo maana mtu akisikia kiungulia anakimbilia maziwa, au anatafuna vidonge vya kupunguza tindikali, au anakoroga magadi kidogo kwenye maji. Magadi na vile vidonge vya kutafuna vinapoza kweli kwa muda, maana vinaikuta tindikali iliyokwisha kumwagika na kuizima palepale. Maziwa yanapoza kidogo, halafu protini na kalsiamu iliyomo inaliamsha tumbo litoe tindikali nyingine. Yote hayo yanashughulika na kilichomo ndani ya sufuria. Omeprazoli haigusi sufuria. Yenyewe inamfuata fundi anayeitengeneza tindikali, na fundi huyo ana ratiba yake.

Fundi ni seli. Ukuta wa ndani wa tumbo umejaa vishimo vidogo sana, na ndani ya vishimo hivyo mna tezi zenye seli za aina mbalimbali. Zile zinazotoa tindikali wataalamu wanaziita seli za parieta, maana yake seli za ukutani. Nitaziita seli za tindikali. Mtu mzima ana takribani bilioni 1 za namna hiyo, na tumbo lake linatoa kama lita 2 za maji ya kumeng'enyea kwa siku. Damu iliyoko nyuma ya seli hizo ina pH ya 7.4 (pH ni kipimo cha tindikali: namba ikishuka, ukali unapanda). Tindikali inayotoka mbele yake inashuka hadi karibu na 1. Kwa kuwa kila hatua moja ya pH ni mara kumi, tofauti hiyo ni zaidi ya mara milioni 1, na kilichosimama kati ya pande hizo mbili ni seli moja tu, nyembamba kuliko unywele. Hakuna mahali pengine mwilini penye mteremko mkali hivyo. Kuupanda kunagharimu nguvu nyingi, ndiyo maana karibu theluthi ya mwili wa seli hii imejaa mitokondria, vinu vya nishati vya seli.

Anayeupanda mteremko ni pampu, protini iliyoshonwa kwenye utando wa seli. Inasukuma haidrojeni nje na kuvuta potasiamu ndani, na kila mzunguko unalipiwa kwa nishati. Haidrojeni ikikutana nje na kloridi, ambayo seli huitoa kupitia mlango mwingine, ndiyo asidi hidrokloriki yenyewe.

Usiku, tumbo likiwa tupu, pampu hizo ziko wapi? Swali hili ndilo linaloamua saa ya kidonge. Utando wa mbele, ule unaotazama tumbo, una pampu chache sana wakati huo. Nyingi ziko ndani ya seli, kwenye maelfu ya vifuko na mirija midogo ya utando, nzima kabisa na tayari kwa kazi, ila zimefungiwa. Pampu iliyomo kwenye kifuko ni kama mashine iliyoko stoo. Hakuna anayeitumia, na hakuna anayeweza kuifikia.

Anayefika Mbuyuni alfajiri kabla wauzaji hawajajaa atanielewa haraka. Mirunda ya vibanda imesimama, lakini hakuna kivuli, maana maturubai yamekunjwa chini ya meza. Mwenye meza akifika anakunjua turubai lake, analivuta juu ya mirunda, anakaza kamba kila pembe. Muda si mrefu uwanja uliokuwa wazi umefunikwa. Jioni kila mtu anakunja lake. Hakuna anayenunua turubai jipya kila siku, lilelile linatoka na kurudi.

Seli ya tindikali inafanya hivyohivyo kila mlo. Turubai ni utando wenye pampu. Mirunda ni nyuzi za protini iitwayo aktini. Kamba ni protini nyingine, ezrini, ambayo mkono wake mmoja unashika aktini na mwingine unashika utando.

Hicho ndicho kiunzi cha seli, au angalau sehemu yake inayotuhusu hapa. Vitabu vinataja nyuzi za aina tatu: aktini yenye unene wa nanomita 7 hivi, nyuzi za kati zenye nanomita 10, na mirija midogo yenye nanomita 25. Jina “kiunzi” linaweza kupotosha, maana kiunzi cha nyumba kikishasimama hakisogei. Cha seli kinajengwa, kinavunjwa na kupangwa upya, na chenyewe ndicho kinachobeba mizigo kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Ndani ya kila seli ya tindikali umechimbwa mfereji. Sisi wa mlimani hatuhitaji kufafanuliwa neno hilo. Maji ya Kilimanjaro yamefikishwa vihambani, kwenye mashamba yetu ya migomba, kwa mifereji tangu enzi za mababu. Mfereji wa seli unaanzia ndani, unajikunjakunja, unafunguka kwenye tezi, na tezi inamwaga tumboni. Kuta zake zina vinyweleo vilivyosimama kama vidole, na ndani ya kila kidole mna fungu la nyuzi za aktini. Seli ikiwa imepumzika, vidole hivyo ni vifupi na mfereji ni mwembamba. Harufu ya mtori ikifika puani, au nyama ikianza kulia jikoni, mshipa wa fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo unatoa habari kabla hata tonge halijaingia mdomoni. Mwanasayansi Ivan Pavlov aliyathibitisha haya kwa mbwa wake huko Urusi, na Nobel aliyopewa 1904 ilikuwa kwa kazi hiyo ya mmeng'enyo. Tumbo linaitikia kwa kutoa homoni iitwayo gastrini, na seli za jirani zinamwaga histamini. Histamini inabisha hodi mlangoni kwa seli ya tindikali, na ndani amri inapita kutoka protini hadi protini kama ujumbe wa msiba unavyopita kijijini.

Hapo vifuko vinaanza kusogea. Vinafika kwenye mfereji, vinaungana na utando wake, na pampu zilizokuwa stoo zinajikuta mbele. Vidole vinarefuka, mfereji unapanuka, na eneo la utando wa mbele linaongezeka kati ya mara 5 na mara 10. Yote haya ni suala la dakika. Kati ya mambo yote ninayofundisha, hili ndilo linalonisimamisha kila mwaka: tunapokaa mezani kusali kabla ya chakula, seli bilioni moja tayari zinakunjua maturubai.

Haikugunduliwa kwa siku moja. Mtaliano Camillo Golgi, yule ambaye jina lake wanafunzi wanalijua kwa sehemu nyingine ya seli, aliipaka rangi ya fedha tezi ya tumbo na mwaka 1893 akaeleza kwamba vifereji vya seli hizi vinaonekana tofauti tumbo likiwa limelala na likiwa kazini. Aliona mwendo ambao hakuwa na njia ya kuueleza. Ilibidi kungoja darubini ya elektroni. Mwaka 1977, John Forte, Trudy Forte na Terry Machen wa Berkeley, California, walitoa hoja kwamba utando wa vifuko na utando wa mfereji ni mmoja, unaokwenda na kurudi. Wapo waliopinga. Walisema vifuko havisafiri kokote, kwamba ni mikunjo ya mfereji uleule inayojaa maji na kukunjuka, kama puto linalovimba. Ubishi huo ulidumu miaka mingi na haukuwa wa kipuuzi, maana picha ya darubini ni ya kitu kilichokufa. Inakuonyesha kabla na baada, haikuonyeshi njiani. Kilichoipa nguvu hoja ya Forte ni kupatikana, kwenye seli za tindikali, kwa protini zilezile zinazounganisha vifuko na utando kwenye neva. Seli isiyounganisha vifuko ingezibebea nini?

Kamba nayo ina historia yake. Mwaka 1983 Anthony Bretscher wa Chuo Kikuu cha Cornell aliitenga protini kutoka kwenye vinyweleo vya utumbo, akaiita ezrini kwa heshima ya Ezra Cornell, mwanzilishi wa chuo hicho. Upande wa pili wa Marekani, Berkeley, walikuwa wakifuatilia protini isiyokuwa na jina ambayo kila seli ya tindikali ilipochochewa kwa histamini ilipachikwa fosfeti, kama swichi inayowashwa. Baadaye ikabainika ni ileile. Kumbe amri ya histamini, baada ya kupita mikono mingi, ilikuwa inaishia kwenye kamba.

Mwaka 2005 watafiti wa Japani walieleza habari za panya waliopunguziwa ezrini hadi chini ya asilimia 5 ya kawaida. Panya hao hawakutoa tindikali. Pampu walikuwa nazo, vifuko walikuwa navyo, na mirunda walikuwa nayo. Walichopungukiwa ni kamba, na mfereji haukupanuka. Naomba msomaji asilipite jambo hili haraka. Mashine zote zipo nzima stoo, na kiwanda hakitoi hata tone, kwa sababu tu kiunzi hakikuushika utando. Kingine kinachonivutia ni kwamba kwenye seli hizi zaidi ya asilimia 90 ya aktini imekwisha kuwa nyuzi hata seli ikiwa imelala. Mirunda haiji asubuhi, ilikuwepo usiku kucha. Kinachobadilika ni mpangilio wake na kinachofungwa juu yake.

Sasa turudi kwenye bahasha ya kaki.

Omeprazoli ilitengenezwa Uswidi na kuanza kuuzwa 1988. Ndani ya kidonge chake mna punje ndogo zilizopakwa gamba linalostahimili tindikali. Punje zinapita tumboni zikiwa nzima, zinayeyuka kwenye utumbo mwembamba, dawa inaingia kwenye damu, na damu ndiyo inayoipeleka hadi kwenye seli ya tindikali, kwa mlango wa nyuma. Kumbe dawa ya tumbo inafika tumboni kwa kuzunguka. Na ikifika inakuwa bado imelala. Haiwezi kuigusa pampu mpaka ibadilike, na kinachoibadilisha ni tindikali kali yenyewe. Mahali panapopatikana tindikali kali kiasi hicho ni ndani ya mfereji wa seli iliyoko kazini. Ikiingia humo haitoki. Inageuka, inaishika pampu kwa kifungo cha salfa, na pampu hiyo imekwisha. Seli italazimika kutengeneza nyingine au kutoa zilizobaki stoo.

Dawa hii inakaa kwenye damu muda mfupi sana. Kila baada ya takribani saa moja nusu yake imekwisha ondoka. Kwa hiyo inatakiwa iwe imejaa kwenye damu wakati maturubai yamekunjuliwa, wakati pampu ziko nje na mfereji una tindikali. Ikija mapema mno inakuta stoo imefungwa, inazunguka, inaondoka. Ikija umeshashiba, chakula kinaichelewesha kufika kwenye utumbo, na inafika wakati wengine wanakunja. Ndiyo maana ya nusu saa hadi saa moja kabla ya mlo, na hasa mlo wa kwanza wa siku, kwa sababu baada ya usiku wa kutokula stoo imejaa pampu kuliko wakati mwingine wowote.

Mama mdogo alikuwa akiimeza zikiwa zimepita saa nne nzima tangu chapati, na zimebaki saa tatu kabla ya wali. Hapo katikati Mbuyuni ya tumbo lake haina soko.

Najua anavyofikiri, na wengi wanafikiri hivyo: dawa inaitwa na maumivu. Kichwa kikiuma unameza panadol, tumbo likiuma unameza cha tumbo. Mantiki hiyo si ya kijinga, imetokana na dawa nyingine zinazofanya kazi hivyo, magadi yakiwemo. Lakini omeprazoli haijui maumivu. Hata ikimezwa saa yake, siku ya kwanza inakamata sehemu tu ya pampu, kwa kuwa si zote zinazotoka kwa mlo mmoja. Inahitaji siku kadhaa mfululizo mpaka zilizokamatwa ziwe nyingi kuliko mpya. Anayeimeza Jumatatu kwa maumivu, akaiacha Jumanne kwa nafuu, akairudia Ijumaa, anaanza upya kila mara. Kisha anasema dawa za siku hizi ni feki. Na yupo anayefungua kidonge akatafuna punje ili “ziingie haraka”. Huyo amelivunja gamba, na tindikali ya tumbo inaiharibu dawa kabla haijafika popote.

Mtu anaweza kuniambia kwamba hasara hapa ni ya fedha kidogo na kiungulia kisichopoa. Sikubali. Vidonda vingi vya tumbo na vya mwanzo wa utumbo vinatokana na bakteria anayeitwa Helicobacter pylori, au na dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini zinazomezwa kiholela. Hadi 1982, Robin Warren na Barry Marshall walipomtambua bakteria huyo huko Australia, madaktari wenyewe waliamini vidonda vinaletwa na msongo wa mawazo na pilipili. Wawili hao walipata Nobel 2005. Tiba yake inaunganisha antibiotiki na dawa ya kuzuia pampu, mara nyingi kwa siku 14. Dawa ya pampu haimo humo kwa ajili ya kupoza tu. Tindikali ikipungua, antibiotiki zinafanya kazi vizuri zaidi. Mgonjwa akikosea saa ya dawa ya pampu, anazipeleka antibiotiki vitani zikiwa nusu. Bakteria anayenusurika anakuwa amezijua. Hiyo si hasara ya mama mdogo peke yake, ni ya kila atakayeambukizwa bakteria huyo kesho.

Bakteria huyo mwenyewe anakijua kiunzi cha seli kuliko tunavyokijua sisi. Sumu yake mojawapo inasababisha ezrini ikatwe ndani ya seli ya tindikali. Anaishi tumboni kwa kumlegezea fundi kamba. Niliposoma jambo hili mara ya kwanza nilikaa kimya kwenye chumba cha walimu nikifikiria ni karne ngapi kiumbe asiye na jicho wala ubongo amekuwa akitumia somo ambalo wanafunzi wangu wanalisahau wiki moja baada ya mtihani.

Wanalisahau kwa sababu tunawafundisha vibaya. Tunawapa aina tatu za nyuzi, unene wake, kazi zake nne, mchoro wa kunakili, yote kwa Kiingereza ambacho wengi wao bado wanapambana nacho. Hakuna tumbo katika somo hilo, wala kidonge, wala bibi yeyote anayeumwa. Mwanafunzi anamaliza kidato cha sita akiwa na alama nzuri ya baiolojia, anarudi nyumbani, anamkuta mama yake anameza omeprazoli juu ya ugali, na hana la kumwambia. Nimeanza kulifundisha somo hili kwa kuanzia kwenye bahasha ya dawa. Sijali kama mtaala umeliweka hivyo. Mtihani unaweza kuuliza unene wa nyuzi, na watajibu, lakini kwanza wajue kamba inafunga nini.

Wauguzi na wauza dawa wana utetezi wao na ni wa haki. Foleni ni ndefu, mtoto mwenye homa anasubiri nyuma, hakuna dakika kumi za kueleza habari za aktini. Siombi dakika kumi. Naomba sentensi moja: “Meza asubuhi ukiamka, kwa maji, halafu kaa nusu saa ndiyo unywe chai; dawa hii inawavizia wanaotengeneza tindikali, nao wanatoka stoo chakula kinapokuja.” Nimeihesabu kwa saa ya ukutani, haifiki sekunde 15. Na kwenye bahasha, badala ya “kabla ya kula”, paandikwe “nusu saa kabla ya chai ya asubuhi”. Mama mdogo asingeyasoma maneno hayo akapata saa tano.

Wengine wananiambia kuna dawa mpya zisizojali ratiba. Ni kweli. Vonoprazani, iliyoidhinishwa Japani 2014, haihitaji kuamshwa na tindikali. Inakaa kwenye nafasi ya potasiamu, na mlo hauisumbui. Lakini kilichomo kwenye mabahasha ya kaki hapa kwetu ni omeprazoli, na tutaimeza kwa miaka mingi bado. Isitoshe, dawa kali zaidi si sababu ya kujua kidogo zaidi. Tindikali hii tunayoikimbiza ndiyo inayoua vijidudu vingi tunavyovimeza. Mtu asiye nayo anashikwa na kipindupindu kirahisi zaidi. Ndiyo inayosaidia madini ya chuma kufyonzwa. Seli hiyohiyo inatoa pia protini inayobeba vitamini B12. Anayetumia vizuia pampu mwaka baada ya mwaka bila kupimwa, eti kwa kuwa “nina vidonda”, anaifunga Mbuyuni moja kwa moja, na kuna siku atahitaji kununua kitu humo.

Mama mdogo nilimpeleka kupima. Kipimo cha choo kilionyesha bakteria yupo, akapewa dawa za siku 14, na safari hii tuliandika wenyewe juu ya kila bahasha. Wiki iliyofuata nililala kwake Pasua. Saa kumi na moja alfajiri nilimsikia akitoka chumbani. Alimeza kidonge kwa maji ya jagi, akaenda uani kuwasha jiko la mkaa. Hakuangalia saa. Anajua jiko lake: mkaa ukishika na birika likachemka, viazi vikageuzwa upande wa pili, nusu saa imeshapita.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, anapepea moto kwa mfuniko wa ndoo.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Hivi wale watu wako wa maturubai, jioni wanafunga saa ngapi?”

Nikamwambia hawana saa ya jumla. Chakula kikianza kuondoka tumboni, histamini inapungua, utando unang'olewa kidogokidogo kutoka kwenye mfereji na kurudishwa ndani kama vifuko, pampu zikiwa bado zimeshonwa humo, zikingoja mlo mwingine. Kazi ya kukunja ni ya kiunzi kilekile kilichokunjua.

“Na zile zilizoshikwa na dawa?”

“Hizo zinarudi stoo zimeshakufa.”

Akapepea moto mara mbili tatu. Birika likaanza kuimba, naye hakuliondoa bado.